Mtindi uliogoma kuganda

Najua nimepotea. Kuna walionitumia meseji kuuliza kama nimelamba sapu nikaona aibu kuonekana. Hapana jamani, bado nipo salama, nipo hapa hapa Morogoro chini ya Uluguru, mvua za masika zinanyesha ile mbaya na koridoo ya bweni letu imegeuka mto. Mwaka wa nne wa udaktari wa mifugo hauna huruma, ndiyo maana kimya kimekuwa kirefu.

Leo nimerudi na stori moja ambayo hapa chuoni nimewasimulia watu wawili tu. Jana usiku tulikuwa tunabishana kijiweni, mwenzetu mmoja anasema haya mambo ya "matumizi sahihi ya dawa" ni maneno ya kujibia mtihani, ukifika mtaani hakuna anayeyafuata. Nilikaa kimya. Sio kwamba sikuwa na la kusema, ni kwamba nilikuwa nalo kubwa mno. Basi nimeamua niliandike, mnicheke mkimaliza kusoma.

Mnaonifahamu mnajua kwetu ni Kilimanjaro, kule juu kwenye migomba. Mama anafuga ng'ombe mmoja ndani ya banda, chotara wa Friziani, jina lake Malkia. Malkia analetewa majani, anakatiwa mgomba, anakaa tu anakula kama bosi. Kwa siku anatoa kama lita 12. Zinazobaki baada ya chai ya nyumbani na ndama ni lita 8, na hizo ndizo zilizonisomesha. Nasema hivyo bila kuongeza chumvi. Godoro nililokuja nalo mwaka wa kwanza ni maziwa, sanduku ni maziwa, nauli ya basi kutoka Moshi ni maziwa.

Sasa likizo ndefu ya mwaka 2022, nimemaliza mwaka wa kwanza, nikarudi nyumbani. Jamani, nani alisema mwanafunzi wa mwaka wa kwanza si daktari? Kijijini nilikuwa "dokta" kuanzia nashuka kwenye basi. Wazee wananisimamisha njiani wananiuliza habari za mbuzi. Nilichokuwa nimesoma mpaka hapo ni mifupa, misuli na kemia kidogo. Lakini mtu akikuita dokta mara tano kwa siku, ya sita unaitika.

Asubuhi moja mama akanifuata. Malkia ana shida, titi moja la nyuma limevimba, lina joto, na ukikamua yanatoka mabonge mabonge. Ugonjwa wa kiwele, wala haukuhitaji darubini. Mama akasema ngoja ampigie afisa mifugo wa kata. Mimi nikamwambia, "Mama, ya nini hela ya usafiri wa mtu wakati mimi nipo?"

Hiyo sentensi ndiyo imenigharimu.

Nikashuka dukani. Nikaomba "oksi", ndivyo watu wanavyoiita oksitetrasaiklini, ile ya asilimia 20 inayokaa mwilini muda mrefu. Kila mfugaji anaijua. Ng'ombe akikohoa ni oksi, akichechemea ni oksi, akigoma kula ni oksi. Chupa nzima ilikuwa bei mbaya, kwa hiyo nikapimiwa mililita 20 kwenye bomba la sindano, nikalifunga kwenye karatasi, nikapanda mlima. Mnaona hapo? Dawa haina chupa, haina lebo, haina tarehe ya kuisha. Kila kitu nilichopaswa kukisoma kilibaki dukani.

Nikamchoma mililita 10 siku hiyo, na 10 kesho yake. Kwa nini 10? Kwa sababu kila mtu kijijini anachoma 10. Leo naweza kuwapigia hesabu. Dozi ya dawa ile ni mililita 1 kwa kila kilo 10 za mnyama. Malkia ana kama kilo 350. Alihitaji mililita 35, tena zikigawanywa sehemu mbili au zaidi za mwili. Mimi nilimpa chini ya theluthi moja, na ya pili nikaipeleka siku inayofuata wakati dawa ile imetengenezwa ili usirudie upesi hivyo. Na kabla ya hesabu yoyote kulikuwa na swali ambalo sikuliuliza: bakteria aliye mle ndani ni yupi, na je, oksi inamuweza?

Uvimbe ukapungua. Nikapewa kuku.

Mama akaniuliza swali moja tu, swali la maana kuliko yote niliyoulizwa likizo ile: "Haya maziwa ya matiti mengine niuze?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, "Uza mama, hayo matatu hayana ugonjwa." Sikujua kwamba dawa ya sindano haiendi kwenye titi linaloumwa peke yake. Inaingia kwenye damu, na maziwa yote yanatengenezwa kwa kile kinacholetwa na damu. Matiti yote manne yalikuwa na dawa.

Wiki ileile mama alikuwa na oda ya mtindi, lita 20, ya sherehe ya kipaimara. Hela ya kutangulizia alishapokea. Mama yangu na mtindi ni kama samaki na maji. Anachemsha, anapooza, anatia mtindi kidogo wa jana, anafunika, kesho yake unakata kwa kijiko. Safari hii akafunua, maji. Akasubiri mpaka jioni, maji. Siku ya pili maziwa yako vilevile, yanakutazama. Akajaribu ndoo nyingine na mtindi mwingine wa kuanzishia, yakagoma tena.

Kipaimara kikafanyika bila mtindi wetu. Mama akarudisha hela, na kurudisha hela siku ya shughuli ya mtu sio hela tu, ni uso.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo mpaka leo inaniuma. Asubuhi ile maziwa yalipokamuliwa, bibi mmoja jirani yetu, tunamwita Bibi wa ng'ambo ya mfereji, alipita akasimama bandani akasema, "Ng'ombe ana kiwele huyu! Mungu akubariki." Mtindi ulipogoma, shangazi akaikumbuka ile kauli. Akasema hilo ni jicho. Mama si mtu wa mambo hayo, anaenda kanisani kila Jumapili, lakini alikuwa ameaibika, na mtu aliyeaibika anatafuta pa kushika. Hakumgombeza yule bibi. Aliacha tu kumsalimia. Aliacha kumpelekea ndizi. Mfereji ambao wanawake wale wawili walikuwa wanauruka kila siku kwenda kwa mwenzake ukawa mpaka.

Mimi nikarudi chuoni na sanduku langu, dokta.

Mwanzoni mwa mwaka 2024, nikiwa mwaka wa tatu, tuko kwenye kipindi cha famakolojia, saa nane mchana, joto la Morogoro mnalijua, nusu ya darasa imesinzia. Mwalimu anazungumzia mabaki ya dawa kwenye maziwa. Akasema, kama mnataka kujua kwa nini wasindikaji wanapima maziwa kabla ya kuyapokea, sio kwa sababu ya afya ya mlaji peke yake. Mtindi na jibini vinatengenezwa na bakteria. Dawa inayoua bakteria haijui kwamba hawa ni wazuri. Maziwa yenye antibayotiki hayagandi.

Niliweka kalamu chini. Mshikaji aliyekaa pembeni yangu akafikiri ninaumwa.

Kuchemsha je? Kuna mtu akauliza kabla yangu. Kuchemsha kunaua vijidudu, ni lazima kuchemsha, lakini dawa nyingi zinastahimili moto wa jikoni. Yaani watu wote walionunua maziwa kwetu wiki ile walikunywa oksi yangu, na watoto wao pia.

Kuanzia siku hiyo nikaanza kusoma lile somo kwa namna nyingine. Nilikuwa nadesa kama ninyi wote, sikatai. Lakini ukishajua kwamba mhusika kwenye mfano ni wewe, madesa hayatoshi. Nikasoma kwamba Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alisimama kwenye hotuba yake ya Nobel mwaka 1945 akaonya kwamba hatari ni kutumia dawa kidogo isiyotosha kuua, maana vijidudu vinavyobaki vinajifunza kuizoea. Mwaka 1945! Na mimi mwaka 2022 nimesimama bandani na mililita 10.

Nikasoma pia ile habari ya tai wa India. Wengi wenu mmeisikia darasani, lakini wa vitivo vingine hamuijui, hivyo niruhusuni. Kule wafugaji walikuwa wanawachoma ng'ombe dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki. Dawa halali, ya bei nafuu, na ng'ombe alipata nafuu. Ila ng'ombe akifa na dawa mwilini, mzoga unaliwa na tai, na kwa tai ile dawa ni sumu ya figo. Kwa aina moja ya tai walipungua kwa zaidi ya asilimia 99 tangu miaka ya 1990. Watu walihangaika kutafuta ugonjwa, mpaka mwaka 2004 utafiti ulipochapishwa kuonyesha kwamba ni dawa. Mwaka 2006 India, Nepal na Pakistan zikachukua hatua ya kuizuia kwa mifugo, na dawa nyingine iitwayo meloksikamu ikapendekezwa badala yake kwa sababu haiwadhuru tai.

Unaweza kusema tai wa India wananihusu nini. Mimi nilichokiona ni kwamba wale wafugaji hawakuwa watu wabaya, walitaka ng'ombe wao apone. Kama mimi. Dawa ilimaliza kazi kwa ng'ombe, ikaendelea na safari yake mahali ambapo hakuna aliyekuwa anaangalia.

Sasa ningemwambiaje mama? Nilikaa na jambo hili karibu mwaka mzima. Kwa simu sikuweza. Nikajipa sababu: mtihani, fildi, simu haina chaji. Krismasi ya 2024 nikapanda basi, na mnajua Krismasi ya Kilimanjaro, nyumba imejaa watu. Nikasubiri wageni walale. Tukabaki jikoni mimi na mama, moto unakufa, nikamwambia.

Nilianza kwa maneno ya darasani, akaniambia, "Sema kwa Kiswahili." Nikasema, "Mama, ule mtindi wa kipaimara ni mimi. Ni ile sindano yangu."

Alinyamaza muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya hasira kuhusu hela. Hakuuliza hela. Alisema, "Kwa hiyo yule bibi wa watu nimemnunia miaka miwili bure."

Kesho yake asubuhi, kabla ya ibada, akachukua mkungu wa ndizi akavuka mfereji. Mimi nikamfuata nyuma. Yule bibi akatupokea, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu. Mama akaeleza. Bibi akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akafuta macho, na sina uhakika kama yale machozi yote yalikuwa ya kicheko. Akasema yeye siku zote alidhani mama amemkasirikia kwa sababu ya mbuzi wake walioingia shambani.

Basi bwana, ningeishia hapo ingekuwa stori nzuri. Lakini Machi 2025 mama akapiga simu. Malkia kiwele kimevimba tena. Titi lilelile.

Safari hii sikumwambia "mimi nipo". Akamwita afisa mifugo wa kata. Akaja na kile kisahani chenye vikombe vinne, akakamua kila titi kwenye kikombe chake, akachanganya na dawa ya kupimia, na cha lile titi kikawa kizito kama ute wa yai. Akachukua sampuli ya maziwa ikapelekwa maabara, na gharama yake mama aliilalamikia, simlaumu. Wakati wa kusubiri akamwambia titi lile alikamue mara kwa mara na alikamue mwisho, baada ya mengine.

Majibu yakaja, nikatumiwa picha. Bakteria ni stafilokokasi. Penisilini haimuwezi. Tetrasaiklini, yaani ukoo wa oksi, haimuwezi.

Wadau, siwezi kuapa kwamba mimi ndiye niliyemfundisha bakteria yule. Oksi inachomwa kila banda kule kwetu, huenda alikuja akiwa sugu tayari. Lakini niliikodolea macho ile karatasi kwenye simu nikiwa kwenye foleni ya chakula mpaka nikapitwa na watu wanne.

Akatibiwa kwa kloksasilini, mirija ya kuingiza kwenye titi. Kisha mama akanipigia kuniuliza, maana sasa ananiuliza kwa tahadhari, kama mtu anayeonja uji wa moto. "Hatuuzi siku ngapi?"

Nilikuwa nimeshasomewa lebo. Siku tatu za tiba, na siku nne baada ya mrija wa mwisho. Nikapiga hesabu. Lita 8 kwa siku 7 ni lita 56. Kwa shilingi 1,500 ni elfu 84. Na nilijua elfu 84 ile ilikuwa inasubiriwa wapi. Kusema ukweli, neno "nne" lilikuwa limeshafika mdomoni. Titi moja tu ndilo limewekwa dawa, nani atajua? Hakuna mtu anayepima maziwa ya mama yangu mlangoni kwa mgahawa.

Nikasema, "Saba, mama. Matiti yote manne."

Kimya. Halafu, "Na ndama?"

"Ndama naye asipewe. Tutamzoesha bakteria tumboni."

"Basi saba," akasema. Bibi wa ng'ambo ya mfereji akatoa lita mbili kila siku kwa ajili ya ndama, na hakutaka hela. Mama akawa anayamwaga maziwa ya Malkia kwenye shimo alilochimba nyuma ya choo, usiku, kwa sababu aliona haya kuonekana. Bibi mzaa mama alitulea akituambia maziwa hayamwagwi. Mimi nikakata elfu 30 kwenye bumu nikamtumia. Ndiyo maana mwezi ule mlikuwa mnaniona nakula maharage tu, sasa mmejua.

Na hasara haikuishia hapo. Mama mwenye mgahawa, mteja wetu wa miaka, alitafuta maziwa kwingine siku hizo saba na hajarudi. Huyo muuzaji mwingine hajawahi kukatiza hata siku moja. Sasa ng'ombe wake ama haugui kamwe, ama... nanyi malizieni wenyewe.

Kwa hiyo yule mwenzetu wa kijiweni ana hoja. Mtaani anayefuata utaratibu ndiye anayelipa, na anayeuvunja anapata mteja. Ndiyo maana siamini kwamba jambo hili litamalizwa na dhamiri ya mtu mmoja mmoja. Kuna Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003, inayosema nani anaruhusiwa kutibu mifugo, na kwa sheria hiyo mtoto wa mwaka wa kwanza mwenye bomba kwenye karatasi hayumo. Kuna TMDA, ambayo hadi 2019 tuliiita TFDA, inayosajili dawa za mifugo kama zile za binadamu. Nilipokuwa mwaka wa kwanza niliyaona hayo kama vizuizi vya kumnyima mfugaji dawa. Sasa naona kila kifungu ni kama kimeandikwa baada ya mtu kama mimi kupita: uza ikiwa na lebo, pima uzito, andika tarehe, mwambie mwenye ng'ombe asubiri siku ngapi. Lakini lebo haimsomei mfugaji. Anayemsomea ni mtu, na kwa vijiji vingi mtu huyo ndio sisi tunaotoka hapa. Tukimwambia "nne" badala ya "saba" ili atupende, hakuna sheria itakayokuwepo bandani saa hiyo.

Siku ya nane mama hakukimbilia kuuza. Alichukua bakuli dogo, akachemsha maziwa, akatia mtindi kidogo, akafunika. Kipimo chake mwenyewe, sikumfundisha mimi. Nikamwambia kwa simu kwamba hilo haliwezi kuchukua nafasi ya kuhesabu siku. Akanijibu, "Siku nimehesabu, dokta. Hii ni ya roho yangu."

Asubuhi akanitumia meseji ya neno moja: Umeganda.

Haya wadau, saa saba usiku hii na kesho asubuhi nina zamu ya kliniki. Wale wa mwaka wa kwanza mnaofungasha kwenda likizo mwezi wa nane, mkiitwa dokta, mnajua pa kunitafuta. Wengine niambieni, na nyinyi mliwahi kuchoma nini ambacho hamjakisema nyumbani?

Alamsiki.